Mwanangu, springi zisichomwe moto

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Salaam aleikum. Huku hatujambo.

Umesema unataka kuishusha IST yako kabla ya kuja Idd. Sikukatazi, gari likikaa chini vizuri linapendeza na kwenye kona halilali. Ila utampata fundi atakayekwambia ni kazi ya dakika chache: anapasha springi kwa gesi na gari linakaa lenyewe. Huyo muage kwa adabu. Springi hupewa ugumu wake kiwandani kwa joto la kipimo. Ukiichoma, inalegea pale pale ilipochomwa, gari linazidi kulala upande mmoja, na mwisho springi inakatika.

Njia safi ni kununua springi fupi za gari hilo hilo, zinazoshusha milimita 25 hadi 40. Hizo hufanywa ngumu kidogo makusudi, kwa sababu nafasi ya kubonyea imepungua.

Kama hela haitoshi, kukata kunawezekana, lakini kwa hesabu. Gari likiwa limesimama kwa tairi zake, pima kutoka katikati ya waya wa mzunguko mmoja hadi katikati ya unaofuata. Ukikata mzunguko mzima, springi itapungua kiasi hicho. Ikiwa ni sentimita 5, nusu mzunguko ni 2.5. Nyuma uwe mwangalifu zaidi: springi ikiwa imekaa peke yake katikati ya mkono wa chuma unaoshika tairi, tairi hupanda karibu mara mbili ya hapo, ndiyo maana unaona magari mengi yamechuchumaa. Ugumu nao unaongezeka. Springi ya mizunguko 6 inayofanya kazi, yaani inayobonyea, ukiikata 1, inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Anza na nusu. Kilichokatwa hakirudi.

Tazama pia ncha za springi. Iliyojikunja kwa ndani ikawa nyembamba usiiguse, maana ukiikata springi haitakaa tena kwenye kikalio chake. Tumia grinda yenye jiwe jembamba, ukipumzika, chuma kisigeuke bluu. Kisha piga rangi pale ulipokata. Kwa chumvi ya bahari ya huku kutu haichelewi.

Kwenye kufungua, vibanio viwili vya kubana springi vikabiliane, uvizungushe kwa zamu kwa spana ya mkono. Nati ya juu ya shokapu usiiguse mpaka springi icheze kwenye kikalio. Ikiruka inaua, wala sitanii.

Ile raba iliyovaa kwenye fimbo ya shokapu usiitupe, hata fundi akisema haina kazi. Inapunguzwa kidogo tu; bila yake shokapu inagonga chuma kwa chuma na kuanza kuvuja. Ukimaliza, nyanyua gari kwa jeki tairi zining'inie. Springi ikichezeka kwa mkono, umekata kupita kiasi, na kwenye shimo itatoka mahali pake.

Boliti za bushi, zile raba za kwenye maungio, zikazwe gari likiwa chini. Kisha alaimenti, yaani kunyoosha tairi, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani. Taa zipimwe pia, nyuma ikishuka sana zinamulika watu machoni.

Mbele usizidishe milimita 30, ukikumbuka matuta ya kutoka Segera mpaka huku na sampu ya oili iliyo chini pale.

Kabla hujakata, nitumie picha za ncha zote mbili, ya juu na ya chini.

Baba yako