Kwenu walimu mliopewa darasa ambalo wenzenu wanalikimbia

Wanangu walimu,

Salaam. Nawaandikia nikiwa nimeshastaafu. Vumbi la chaki limenitoka vidoleni ila kooni bado lipo. Nasikia wengi wenu mkianza kazi mnakabidhiwa moja kwa moja darasa la watoto walioachwa nyuma, watoto wa wasio nacho, na mkiingia ofisi ya walimu mnapokelewa kwa kauli ileile tuliyopokelewa nayo sisi: "Hao usijichoshe nao." Anayewaambia hivyo msimwone adui. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kujituma kama ninyi, akaishiwa pumzi. Kwa hiyo nitasema habari za watoto, lakini na hiyo pumzi yenu pia.

Nianze na kosa langu.

Nilikuwa na binti mmoja darasa la nne, mwenye daftari safi kuliko yote. Herufi zimesimama wima, mistari haikupinda, hakuna palipofutwafutwa. Kila nikisahihisha nilimwekea vema, na nikitaka kuwatia aibu wenzake nililiinua daftari lake juu walione. Siku moja nilikosea neno ubaoni, nikalifuta haraka kwa kidole, ikabaki nusu ya herufi na doa la chaki. Jioni nafungua daftari lake, naikuta ile nusu ya herufi. Pembeni yake kuna kivuli cha penseli, amekisugua kwa kidole mpaka kikafanana na doa langu. Nililitazama lile daftari kwa muda mrefu. Mtoto alikuwa anachora. Miezi sita nzima nilikuwa nampa vema za uchoraji.

Kesho yake nilimwita pembeni nikamwonyesha neno la silabi mbili. Hakuitazama karatasi, alinitazama usoni. Mtoto aliyezoea kuficha asichokijua hujifunza kusoma nyuso za watu wazima kwanza, na huzisoma vizuri sana.

Tukizungumzia pengo la elimu huwa tunataja madawati na vitabu, na ni kweli vinakosekana. Ila mimi siku ile niliona pengo jingine. Mtoto wa mwenye nacho akikwama, nyumbani yupo wa kugundua, na akigundua anamtafutia mwalimu wa masomo ya ziada kabla mwezi haujaisha. Binti yule mgunduzi wake nilikuwa mimi peke yangu, nami nilikuwa nakimbizana na silabasi. Silabasi haina habari kwamba mtoto aliachwa kituo cha kwanza. Inaondoka naye hivyohivyo, darasa la tano, la sita, na kila mwaka anazidi kuonekana mjinga kwa jambo alilolikosa akiwa na miaka saba.

Basi wiki ya kwanza msifundishe sana. Mpimeni kila mtoto peke yake, kwa mdomo, wengine wasisikie: herufi, maneno, aya fupi, hadithi fupi. Dakika chache tu zinatosha. Shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995, limetumia kipimo chepesi kama hicho sehemu nyingi za India. Baada ya kupima, watoto hupangwa kwa kile wanachokiweza badala ya umri au darasa, wakafundishwa hivyo kwa saa moja au mbili kwa siku. Wa darasa la tano anaweza kukaa na wa darasa la tatu. Wapo watakaowaambia kwamba mnawadhalilisha watoto. Mimi nasema aibu kubwa zaidi ni kumkalisha mtoto miaka saba mbele ya ubao asioweza kuusoma.

Sasa nije kwenu wenyewe, maana najua mtakavyofanya. Mtakuja alfajiri, mtaondoka usiku, mtanunua kalamu kwa mshahara wenu, na mtu atawaita mashujaa. Hapo ndipo ninapoogopa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Mchukueni Jaime Escalante, mwalimu wa hisabati aliyezaliwa La Paz, Bolivia, mwaka 1930. Alihamia Marekani, na mwaka 1974 akaanza kufundisha Garfield High School, mashariki mwa Los Angeles, shule ya watoto wa familia maskini, wengi wenye asili ya Meksiko. Mwaka 1982 wanafunzi wake 18 walifaulu mtihani wa kalkulasi wa ngazi ya chuo. Wasimamizi wa mtihani wakawashuku 14 kwamba wameibia. Walioufanya tena mtihani walikuwa 12, na wote 12 wakafaulu. (Jiulizeni kama watoto wa shule ya matajiri wangeshukiwa upesi namna ile.)

Mwaka 1988 habari hiyo ikatengenezewa filamu, na watu wakaondoka na picha ya mtu mmoja aliyegeuza darasa kwa kelele na moyo wake. Hesabu zenyewe zinasema mengine. Darasa lake la kwanza la kalkulasi, lililoanza 1978, lilifikisha wanafunzi watano tu kwenye mtihani, wakafaulu wawili. Mwaka uliofuata tisa, wakafaulu saba. Baadaye 15, wakafaulu 14. Ilimchukua miaka kutengeneza njia ya kuwafikisha watoto pale: aljebra iliyofundishwa sawasawa madarasa ya chini, masomo ya likizo, mwalimu mwenzake wa kusaidiana naye, mkuu wa shule aliyemkingia kifua. Mkuu yule alipoondoka, na Escalante mwenyewe akaondoka mwaka 1991, ufaulu wa kalkulasi pale shuleni ukaporomoka vibaya. Sisemi alikosea, namvulia kofia. Nasema hata fundi wa kiwango kile, watu walipotoka nyuma yake, kazi haikudumu.

Kwa hiyo tafuteni wenzenu wawili, hata kama ni wale waliochoka. Msiwahubirie. Mwombeni mmoja wao akusikilizie watoto watano wakisoma, basi. Andikeni kwenye daftari la kawaida kila mtoto amefika wapi, ili mkihamishwa, anayekuja asianze upya. Mimi sikuacha daftari la namna hiyo, na kati ya majuto yangu ya kazi hilo ndilo linaloniamsha usiku. Na upungufu wa walimu na vitabu muupeleke kwa wakubwa kwa maandishi na kwa idadi, mara kwa mara, wachoke wao. Kulifunika pengo la serikali kwa mfuko wa mwalimu ni kuwasaidia wasilione. Laleni pia. Mwalimu asiyelala hukasirika, na hasira yake humwangukia mtoto asiye na wa kumtetea.

Binti yule tulikaa naye dakika 20 kila siku baada ya kengele ya mwisho, mimi na mwalimu wa darasa la kwanza, kwa zamu. Wiki nyingi hazikuonyesha kitu. Kisha siku moja, nikipanga vitu mezani, nikamsikia nyuma yangu: "Mwalimu, hapa kwenye boksi wameandika chaki nyeupe. Mbona ndani umeweka za rangi?"

Wenu,
Mwalimu mstaafu