Salamu za Pasaka kwa wenzangu wa mpira wa kikapu

Kristo amefufuka, ndugu zangu! Heri ya Pasaka kwenu, kwa wake na waume zenu, na kwa watoto ambao sasa wanatupita urefu. Wenzetu Waislamu wa timu, pilau mnajua linakopikwa. Mlango uko wazi kama kila mwaka.

Kwaresima yote hii nimekuwa na mtu mmoja kichwani: Maurice Stokes. Vijana wetu hawamjui, wao historia ya kikapu inaanzia kwa Michael Jordan. Stokes alizaliwa 1933 karibu na Pittsburgh, Marekani, akasoma chuo kidogo cha Wafransisko kule Loretto, akaingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, 1955 na timu ya Rochester Royals. Mechi ya kwanza tu: pointi 32, ribaundi 20 (yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka). Msimu wa 1956-57 alidaka ribaundi 1,256, rekodi ya ligi kwa wakati huo. Jitu la futi 6 na inchi 7, lakini pasi zake zilikuwa za wale wafupi wepesi wanaogawa mpira.

Tarehe 12 Machi 1958, kule Minneapolis, alikuwa anakwenda kufunga kikapu, akagongana na mtu, akaanguka kwa kichwa. Akazimia. Walipomzindua akarudi kucheza. (Msicheke, sisi tulifanya hivyo hivyo: maji usoni, haya twende.) Siku tatu baadaye akacheza tena Detroit, na kwenye ndege ya kurudi mwili ukamgeuka: degedege, kisha koma. Alipozinduka hakuweza kusogeza kiungo wala kutamka neno, ila akili yake ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa na miaka 24.

Sasa hapa ndipo ninaponasa. Jack Twyman, mwenzake wa timu, Mzungu wa miaka 23, alikwenda mahakamani akaomba awe msimamizi wake kisheria. Marekani ile ya 1958, Mzungu na Mweusi! Akapigania fidia ya kazini mpaka ikapatikana. Kila kiangazi akaandaa mechi ya kuchangisha pesa kwenye milima ya Catskill, na wachezaji wakubwa wa NBA kama Wilt Chamberlain wakaja kucheza. Lakini hayo yote hayanigusi kama herufi. Twyman alikaa kando ya kitanda akitaja A, B, C, na Stokes akapepesa jicho herufi yake ilipofika. Kisha wanaanza upya, A, B, C, kutafuta inayofuata. Hebu jaribuni kuomba maji kwa njia hiyo.

Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, tulipofika kituo cha tano nilimwona Twyman badala ya Simoni Mkirene, yule aliyemsaidia Yesu kubeba msalaba. Padri anisamehe. Tena Simoni alishurutishwa na askari, na njia yake ilikuwa ya saa chache. Huyu alijitolea mwenyewe, miaka 12.

Nimepekua kalenda. Pasaka ya 1958 iliangukia 6 Aprili, Stokes akiwa kitandani wiki chache tu tangu aanguke. Moyo wake ulisimama 6 Aprili 1970, Jumatatu, siku nane baada ya Pasaka ya mwaka huo. Alikuwa na miaka 36. Walimzika Loretto, kama alivyotaka. Mwaka 2004 alipoingizwa kwenye jumba la heshima la mpira wa kikapu, aliyepanda jukwaani kumpokelea alikuwa Twyman, mzee wa miaka 70.

Basi, Jumatatu ya Pasaka tukutane uwanjani saa kumi jioni, wenye magoti na wasio nayo. Yule mwenzetu aliyeacha kucheza kwa sababu ya mguu amesema haji, eti atatuchelewesha. Kaka mwenye Noah, mpitie saa tisa. Akikataa, kaa naye hapo barazani, sisi tutawafuata na mpira.