Jumamosi tuje na kitu cha mtoto

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Jumamosi saa 9 alasiri tunakutana palepale. Naomba kila mmoja wetu, sisi tunaolea watoto tusiowazaa, aje na kitu kimoja alichokuja nacho mtoto wake: kadi ya kliniki, picha, hata kipande cha nguo. Binti yangu alikuja na kanga ya mama yake mzazi, imechanika pindoni. Nusura niitupe siku ile ya kwanza. Leo ana miaka 8 na bado anailalia.

Mwezi uliopita tulimpigia simu bibi yake kule Usukumani. Mtoto akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Bibi akanyamaza, akalia, kisha akaanza kumtajia watu wa ukoo wake mmoja mmoja. Niliyaandika majina yote kwenye daftari, mengine kwa kukisia herufi.

Jamani, andikeni mapema: majina, kijiji, kabila, nani alimbeba akiwa mchanga. Wazee wanaondoka. Na hii si hisani yetu; Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Mnaohofia kwamba akijua atawaacha, nawaelewa kabisa, lakini akija kuambiwa na jirani ataumia zaidi.

Kama ndugu hawajulikani, au kuna hatari, pitieni kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Msiwatafute peke yenu. Picha za watoto tusizirushe humu, tutaonyeshana tukikutana.