Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania: kalamu ya Rais wa Marekani inafika wapi

Mheshimiwa Waziri,

Tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 16, 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu (la baadhi ya viza, si zote) kuanzia Januari 1, 2026. Tangu hapo, kwenye makundi ya WhatsApp yanazunguka majibu mawili: ama mahakama italifuta, ama kila Mtanzania aliyeko kule atarudishwa. Yote mawili si sahihi, na yote yanawatia watu hasara. Tunaomba wizara yako iseme kinachojulikana.

Mamlaka ya rais yule katika uhamiaji yana makali zaidi kwa mtu ambaye bado yuko nje ya mpaka. Kifungu cha 212(f) cha Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya 1952 kinamruhusu kusimamisha uingiaji wa wageni anaoona wataathiri maslahi ya nchi. Amri yake ya kwanza, ya Januari 2017, mahakama ziliisimamisha ndani ya siku chache. Iliandikwa kwa pupa na ikawakumba hata wenye ukaazi wa kudumu. Toleo la tatu likaandikwa kwa utulivu: sababu za kila nchi, misamaha, mapitio ya kila siku 180. Juni 26, 2018 Mahakama ya Juu ikalipitisha kwa kura 5 dhidi ya 4. Tangazo linalotuhusu limekatwa kwa kitambaa hichohicho, kwa hiyo anayeambiwa akae asubiri majaji hajasaidiwa.

Kwa aliyekwisha kuingia, mambo ni mengine. Rais anaweza kuongeza maofisa na kuamua nani akamatwe kwanza, lakini fedha za kazi hiyo zinatoka bungeni. Kodi ya asilimia 1 kwa pesa taslimu zinazotumwa nje, iliyoanza Januari 1, 2026, nayo ilihitaji sheria ya bunge (na haimgusi anayetuma kutoka akaunti yake ya benki kule, jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi). Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilimzuia rais huyuhuyu kufuta mpango wa vijana walioingizwa nchini wakiwa watoto, kwa kuwa serikali yake haikutoa sababu za kutosha. Na amri ya Januari 20, 2025, ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, iligonga ukuta wa Marekebisho ya 14 ya Katiba, ya 1868. Mahakama za chini zikaizuia kabla haijaanza kutumika.

Hapo kuna tahadhari moja. Tangu uamuzi wa Juni 27, 2025, jaji wa wilaya hawezi tena kwa kawaida kutoa zuio linalomlinda kila mtu nchini. Zuio likitangazwa, swali la kwanza ni linawalinda akina nani: waliofungua kesi tu, au kundi zima?

Kinachowaangusha wengi walioko ndani ni kikao cha jaji wa uhamiaji walichokikwepa kwa hofu. Asiyetokea huamriwa kuondolewa bila kusikilizwa, na kulifungua upya shauri hilo ni kazi ngumu. Mwenye shauri apige 1-800-898-7180, aingize namba yake ya A (namba ya faili lake la uhamiaji) yenye tarakimu tisa, asikie tarehe ya kikao. Akihama nyumba, fomu EOIR-33 ya kubadilisha anwani iifikie mahakama ndani ya siku 5 za kazi. Fomu AR-11, ya siku 10, inakwenda idara nyingine kabisa. Kujaza moja si kujaza zote mbili.

Sasa tangazo lenyewe. Limesimamisha viza za wahamiaji pamoja na za B-1 na B-2 (biashara na matembezi), F na M (wanafunzi) na J (programu za mabadilishano). Halikufuta viza zilizokuwa hai siku lilipoanza kutumika, wala halimhusu mkaazi wa kudumu. Lina msamaha kwa mwenye uraia pacha anayesafiri kwa pasipoti ya nchi isiyo kwenye orodha, msamaha ambao sheria yetu wenyewe ya uraia inaufanya kuwa wa kinadharia. Mtego uko kwa mwanafunzi aliye chuoni kihalali lakini stika yake ya viza imekwisha muda. Akiwa kule yuko salama kiasi. Akija Dar es Salaam kwa likizo, hana viza ya kurudia.

Washindi wa bahati nasibu ya viza wana saa inayowakimbiza. Haki yao inakufa Septemba 30, mwisho wa mwaka wa fedha wa Marekani. Ubalozi unaweza kuwaita kwenye usaili, ukapokea dola 330 kwa kila mtu, kisha ukawanyima kwa kifungu hichohicho cha 212(f). Ada hairudi, wala gharama za vipimo vya afya. Wizara iwaambie hili kabla hawajauza viwanja.

Mheshimiwa, kwa kuwa mahakama haitarajiwi kuwasaidia walioko nje, mlango uliobaki ni wako. Sababu iliyotajwa kwa Tanzania ni wageni kuzidisha muda wa kukaa. Asilimia hiyo hupatikana kwa kugawa waliozidisha kwa wote waliotarajiwa kuondoka mwaka huo. Kundi likiwa la wanafunzi 500, watu 10 ambao kuondoka kwao hakukunaswa wanaipandisha kwa pointi 2 nzima. Idara yetu ya Uhamiaji inazo kumbukumbu za waliorejea kupitia Julius Nyerere na Kilimanjaro.

Tunaomba wizara iitake Washington itoe idadi halisi badala ya asilimia peke yake, kwa kila aina ya viza na kwa mwaka uliotumika, kisha zilinganishwe na kumbukumbu hizo. Jedwali liwasilishwe kabla ya kila mapitio ya siku 180, na nakala iwekwe kwenye tovuti ya wizara kwa Kiswahili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Washauri wa masuala ya viza na uhamiaji