Arosto si jeuri

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu aliuanza unga wa kulevya, yaani heroini, barazani, mtaani kwetu Ng'ambo, kwa kete moja ya kuonjeshwa. Baba akamfungia chumbani siku tatu ili aache. Tulimsikia akitapika, akitetemeka, akilia kuwa mifupa inamuuma. Ile ndiyo arosto, mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, nasi tukaiita jeuri! Alipotoka akarudia kipimo chake cha zamani, na mwili ulishapoteza uzoefu. Tulimkuta msalani pumzi zinakatika, Mungu akamnusuru.

Leo anakunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, katika hospitali ya Kidongo Chekundu kila siku. Huduma hiyo ipo tangu 2015, na nyumba za upataji nafuu, wanakoishi wanaoacha unga, zipo. Wazee wetu, nakuombeni sana, mpelekeni kijana huko kabla ya kumfungia mlango.

Dada mtu,
Unguja