Tuache kuwarushia mwewe nyama pale Lighthouse

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako manake hili jambo limenikaa rohoni. Juzi jioni nilikuwa Mama Ngina, pale Lighthouse ufukweni Mombasa, na mtoto wa dadangu, ana miaka saba, kashika mshikaki wake anakula taratibu, mara mwewe kashuka kwa nyuma hata hatukumsikia, nyama ikaenda na kidole kikachanika. Mtoto kalia mpaka tumefika Majengo.

Lakini mimi simlaumu mwewe. Kabla ya hapo kulikuwa na vijana wanarusha vipande vya nyama juu ili wapige video vile anavyovidaka, na kila wikendi ni hivo hivo, sasa ndege ashazoea kwamba chakula kinatoka mkononi mwa mtu, atajuaje mkono upi unampa na upi haumpi? Mwewe anajitafutia mwenyewe, panya, mijusi, panzi, kumbikumbi mvua ikinyesha, hata mizoga anatusafishia. Viazi karai na muhogo wa kukaanga si chakula chake. Na ukimwaga makombo wa kwanza kufika ni kunguru, ambao tunao wa kutosha jamani, na wakishajaa wanamfukuza mwewe mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tunamwangalia akiwa chini akinyang'anya, na ajabu yake iko juu. Mimi huwafunza watoto wa mtaani kutengeneza tiara za chelewa na gazeti, na kabla hatujafunga uzi nawaambia kwanza tazameni mwewe. Saa nne saa tano hivi, mabati na lami zikishashika moto, hewa ya moto inapanda na yeye anaingia ndani yake anazunguka tu, anapanda bila kupiga bawa, ule mkia wake wa panda anaupindua huku na huku ndio usukani wake. Mtoto akishaona hivo anaelewa mwenyewe kwa nini tiara yake yataka mkia na kwa nini ikiwa nzito haipandi.

Na si mchezo wa watoto pekee. Mmarekani mmoja, Paul MacCready, mwaka 1976 alikuwa safarini na familia yake akawa anawatazama mwewe na tai wakizunguka angani, anapima mizunguko yao na kupiga hesabu, na ni katika safari hiyo alipopata wazo la ndege inayoendeshwa kwa miguu, ukanyage pedeli kama baiskeli, injini hamna. Ndege hiyo, Gossamer Condor, mabawa yake yalikuwa kama mita 29 kutoka ncha hadi ncha lakini uzito kilo 32 tu, mabomba ya aluminiamu, waya na plastiki nyembamba. Tarehe 23 Agosti 1977 iliruka umbo la nane ikashinda tuzo ya ndege inayoendeshwa kwa nguvu za mtu iliyokuwa imewekwa tangu 1959. Miaka miwili baadaye ndege nyingine ya MacCready ikavuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa, na aliyekuwa akikanyaga ni Bryan Allen, yule yule aliyeikanyaga ile ya kwanza.

Kwa hivyo naomba kaunti iweke vibao pale Mama Ngina, kwa Kiswahili, vya kukataza kulisha mwewe, na wachoma mishikaki wapewe mapipa yenye vifuniko. Nanyi wazazi, mkienda na watoto mkae nao chini ya mibuyu muwaonyeshe juu.

Ni mimi msomaji wenu,
Majengo, Mombasa