Dada wa jimu, asante sana aisee

Dada yangu, jina sikukuuliza, ila asante sana. Mi nilikuwa narusha miguu tu kama mwendawazimu nikitaka kujipindua juu ya bomba la mazoezi, miguu ipite kwanza, we ukanishika kiuno ukasema shuka kwanza. Ukanianzisha upya: kuning'inia mabega yamekazwa, kuruka kidevu kipite bomba halafu kushuka polepole sekunde 5, kulala chali kiuno kimebana sakafu miguu juu kidogo. Nilinuna kweli (mtu mzima kabisa!). Kumbe kosa langu lilikuwa kunyoosha mikono mapema, nyonga zinakimbia bomba. Jana nimevuta, tumbo likagusa, miguu ikapita yenyewe nikajikuta niko juu. Na lile godoro ulilolisogeza chini yangu kimya kimya, nililiona dada.